ULIZA UJIBIWE: Makonyo, arki ya vanila na kemikali zinazouzwa kwa kilo

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya mafuta ya makonyo (vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa) tukadhani tushamaliza, kumbe ndo kwanza mlango umefunguka, barua na meseji zimemiminika na nyingi zatoka Pemba. Zinazofanana nimezikusanya pamoja, nyengine nimezikata urefu (kuna ndugu yetu mmoja kaanza na historia ya shamba la babu yake mpaka nikasahau kama kuna swali linakuja, tunamshukuru lakini). Wenye maswali ya mirathi na ndoa tustahamiliane, leo ni zamu ya kemia.

SWALI: Mimi kijana wa Chake. Kila nikipita Wawi nasikia ile harufu ya kiwanda cha makonyo, basi najiuliza, makonyo yanaingia pale, mafuta yanatoka, mafuta yanasafirishwa, halafu huko nje wanayafanya nini? Na kwa nini tusiyamalizie hapahapa kwetu? Mzee wangu anasema wengine zamani walikuwa wakishachambua karafuu makonyo wanayaona takataka tu.

JIBU: Mdogo wangu umeuliza mawili kwa mpigo, tuanze na lile jepesi. Pale kwenye kiwanda cha ZSTC, yani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kinachofanyika ni kupitisha stimu. Boila inachemsha maji, stimu inapanda kwenye pipa kubwa lililoshindiliwa makonyo, inapenya katikati yake inabeba mafuta, kisha inaingia kwenye kondensa, yani mabomba yanayopozwa na maji baridi, hapo inageuka tena kuwa maji na mafuta. Mtambo mdogo wa namna hii ukiuona bila ya kuelezwa utasema wa gongo, na kusema kweli kanuni ni ileile, kilichopishana ni kinachotiwa ndani tu.

Kinachonukia karafuu khasa ni kemikali inayoitwa eugenoli. Hii eugenoli peke yake haichemki mpaka nyuzi 254 za Selsiasi, sasa vipi stimu ya nyuzi 100 inaitoa? Ni kwa sababu maji na mafuta hayachanganyiki, kila kimoja kinasukuma mvuke wake kivyake, na misukumo yote miwili ikijumlishwa ikafikia mgandamizo wa hewa ya nje basi vinachemka pamoja, chini kidogo tu ya nyuzi 100. Kwaiyo mafuta yanatoka bila ya kuungua. Ukisimama pale yanapotokea utaona kinachodondoka mwanzo ni maji meupe yenye ukungu, wala hutodhani ndiyo mali yenyewe, lakini ukiyaacha yakatulia mafuta yanajitenga na yanazama chini, hayaelei, mana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yale maji ya juu nayo hayamwagwi ovyo, bado yameshika eugenoli kama gramu mbili kila lita, mfanyakazi anayejua kazi anayarudisha ndani ya mtambo.

Kilo 100 za makonyo makavu zinatoa mafuta kama kilo 5 au 6 hivi. Karafuu yenyewe inatoa mengi zaidi, 15 mpaka 20, lakini nani atachemsha karafuu iliyokauka vizuri kwenye jamvi wakati soko linaitaka nzimanzima? Majani ni kilo 2 au 3. Ndo mana kazi ikawaangukia makonyo.

Sasa huko nje. Mafuta yanayotoka Wawi ni mafuta ghafi, eugenoli ndani yake ni kati ya asilimia 80 na 95, iliyobaki ni vitu vyengine kama kariofilini. Mwenye kiwanda cha manukato au dawa za meno hataki hayo mengine, anataka eugenoli tupu. Basi wanatia kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwenye maji. Eugenoli ina tabia ya asidi kidogo, ikikutana na kostiki inageuka chumvi inayoyeyuka kwenye maji, na kariofilini haina tabia hiyo kwaiyo inabaki juu kama mafuta, unaitenga. Halafu yale maji unayatia asidi, eugenoli inarudi vilevile ilivyokuwa, inajikusanya chini, unaitoa. Inabaki kuisafisha kwa kuichemsha ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, maana hewa ikipungua sana eugenoli inachemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 254, ukiipeleka mpaka 254 inakuwa nyeusi na inaharibika. Kitu kikitoka hapo ni maji ya rangi ya manjano hafifu au hayana rangi kabisa, na mnunuzi wa pipa la mafuta ghafi siye mnunuzi wa hichi, na bei siyo ileile.

Kwa nini tusifanye sisi? Watu wengi wanasema hatuna utaalamu, mimi sikubaliani nao, mambo ya kostiki na vakyumu (kule kunyonya hewa) ni ya tangu karne ya kumi na tisa, kijana aliyesoma kemia chuo kikuu pale Tunguu akapewa vifaa atafanya. Tatizo ninaloliona mimi ni jengine. Mkarafuu una kiburi chake, mwaka huu unazaa mpaka wachumaji hawatoshi, mwaka unaofuata unagoma, na kiwanda cha kemikali safi kinataka mali ileile kila mwezi, usafi uleule, mteja hakusikilizi habari za mvua. La pili ni karatasi. Mnunuzi kabla hajaonja wala kunusa anataka cheti cha maabara kinachoonesha kila kilichomo kwa asilimia, na hicho kinatoka kwenye mashine ya krometografia ya gesi, mashine inataka umeme usiokatika, gesi safi, na mtu anayeikaa kutwa. Na usisahau Indonesia, wale ndo wakubwa wa karafuu duniani na wanachemsha mpaka majani, kwaiyo kwa wingi hatuwawezi. Ningepewa mimi pesa ningeanza na hiyo maabara kabla ya riakta, yani chombo cha kupikia kemikali, mana hata mafuta ghafi yakiwa na cheti cha kuaminika yanauzika kwa heshima.

SWALI: Mimi mwanafunzi wa fomu foo, Mkoani. Mwalimu wa kemia katwambia ile arki ya vanila inayotiwa kwenye keki iliwahi kutengenezwa kwa karafuu. Darasa zima tulicheka. Ni kweli au alikuwa anatuchangamsha tu?

JIBU: Mwanangu, ni kweli tupu, mnadaiwa radhi na mwalimu wenu.

Vanila ya asili ni mti unaotambaa, mashamba ya viungo kule Kizimbani wanawaonesha watalii. Ua lake lina shida, kwenye nchi zisizokuwa na nyuki wake wa asili halijichavushi, lazima mtu alichavushe kwa mkono, moja moja, na njia hiyo ya mkono aliibuni kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion akiitwa Edmond Albius mwaka 1841, alikuwa na miaka 12. Ganda likishaiva na kukaushwa kwa miezi, vanilini ndani yake, yani ile kemikali yenye harufu, ni asilimia 2 hivi tu. Unaelewa sasa kwa nini bei yake inatisha.

Mwaka 1858 Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley akaitoa vanilini ikiwa safi. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, wakaitengeneza kutokana na koniferini, kitu kinachopatikana kwenye mti wa msonobari, wakafungua kiwanda mji wa Holzminden. Lakini msonobari ukawa unawapa kazi kubwa kwa mali kidogo, na hapo ndo karafuu ikaingia, mana ukiitazama eugenoli na vanilini kwenye karatasi utaona ni ndugu. Zote zina ile pete ya kaboni sita, zote zina kikundi cha haidroksili na kikundi cha methoksi pahala palepale. Kilichopishana ni mkia. Eugenoli ina mkia wa kaboni tatu na bondi mbili, yani bondi moja ya maradufu, iko mwishoni mwa mkia. Unaipasha moto na alkali kali, bondi mbili inahama inasogea karibu na pete, sa hivi inaitwa isoeugenoli. Halafu unaioksidisha, bondi inakatika palepale ilipohamia, kaboni mbili za mkia zinaondoka, iliyobaki inakuwa aldehaidi. Kaboni 10 zimebaki 8, na hiyo ndo vanilini. Kuna kazi moja mwalimu huenda hakuitaja, kabla ya kuoksidisha wanaiziba ile haidroksili kwanza kwa kuifunika na asetili, mana ikiachwa wazi nayo inashambuliwa na unapata uchafu mweusi badala ya vanilini, wakishamaliza wanaifunua.

Fanyeni hesabu darasani: uzito wa molekuli ya eugenoli ni 164, vanilini 152, kwaiyo kilo 100 za eugenoli kwenye karatasi zinatoa kilo 92 na kitu. Kiwandani hupati hizo, kila hatua inakula chake.

Njia ya karafuu ilitamba mpaka miaka ya 1920 hivi. Miaka ya 1930 Marekani wakaanza kuitoa vanilini kwenye lignini ya miti iliyomo ndani ya yale maji machafu ya viwanda vya karatasi ambayo walikuwa hawajui pa kuyapeleka, karafuu ikashindwa bei. Halafu petroli ikaja ikawashinda wote, leo vanilini nyingi duniani inaanzia kwenye guaiakoli inayotoka kwenye mafuta ya ardhini, inaunganishwa na asidi ya glioksili kisha inaoksidishwa. Kiwanda cha Borregaard kule Norwe bado kinaitoa kwenye miti. Molekuli ni ileile mwanangu, ulimi haujui imetoka wapi, maabara lakini inajua, kwa sababu mafuta ya ardhini yamekaa chini mamilioni ya miaka kaboni 14, ile kaboni inayopungua yenyewe kidogo kidogo kwa miaka, yote imeshakwisha, na kitu kilichotoka kwenye mti wa juzi bado inayo.

Na siku hizi wanunuzi wa vyakula wanataka kiandikwe cha asili, kwaiyo wapo wanaotumia bakteria kugeuza asidi ya feruliki ya pumba za mpunga kuwa vanilini, na wengine wanaanzia kwenye eugenoli ya karafuu. Mlango uliofungwa miaka 90 iliyopita umeanza kufunguka tena kidogo.

SWALI: Sisi kikundi cha akina mama, Wete. Sabuni tunatengeneza, tunataka tuongeze na mafuta ya makonyo. Tuna pipa la chuma la kawaida fundi kasema atatutengenezea mtambo, na chupa za maji ya kunywa tunazo tele za kuwekea. Tuanze?

JIBU: Mama zangu, hapo kwenye pipa na chupa simameni kwanza.

Eugenoli na chuma cha kawaida haviivani, mafuta yatatoka meusi au ya zambarau ya ajabu na mnunuzi atawarudishia. Mtambo uwe wa stenlesi, angalau kondensa na chombo cha kupokelea, mana ndipo mafuta yanapokaa muda mrefu. Chupa za maji pia hapana. Mafuta ya karafuu yanalainisha aina nyingi za plastiki, mengine yanaziyeyusha kabisa, na hata ile isiyoyeyuka mbele ya macho inaingiza vitu vyake kwenye mafuta polepole. Tumieni chupa za kioo za rangi ya kahawia, jazeni mpaka shingoni hewa isibaki nyingi, wekeni pahala pasipo jua.

Na kabla ya yote hayo nendeni ZSTC mkaulize kuhusu ruhusa. Karafuu kwetu ina sheria yake, msije mkaambiwa mnafanya magendo na nia yenu ilikuwa njema. Nyinyi kostiki mshaizoea, miwani na glavu mnazo, hilo sina wasiwasi nalo.

SWALI: Mimi naishi Unguja, karibu na mikoko. Watu wakisikia kiwanda cha kemikali wanaogopa, wengine wanasema ah, kinatoa kilo chache tu kwa siku, hakina madhara. Nani mkweli?

JIBU: Wanaoogopa wana hoja kuliko wanavyojua wenyewe. Mwaka 1992 mwanakemia Roger Sheldon alitoa kipimo rahisi sana, chukua kilo zote za taka gawa kwa kilo za mali uliyopata. Viwanda vya kusafisha petroli, vile vikubwa tunavyovilaani, vilipata chini ya 0.1. Kemikali za tani kwa tani zilikuwa 1 mpaka 5. Kemikali safi za bei kubwa zilikuwa 5 mpaka 50, na dawa za hospitali 25 mpaka 100 na kupita. Yani kidonge unachokimeza nyuma yake kuna taka mara nyingi uzito wake. Sababu ni kwamba hizi kemikali zinapita hatua nyingi, kila hatua ina viyeyusho vyake, ina kuosha kwake, ina chumvi inayobaki, na kwa kuwa riakta moja leo inapika hichi kesho inapika kile, kila kukibadilishwa inaoshwa upya, na maji ya kuoshea nayo ni taka.

Chukua ile eugenoli niliyomweleza kijana wa Chake. Kila kilo 100 za eugenoli inayopita kwenye kostiki na asidi ya haidrokloriki inaacha chumvi ya kawaida kama kilo 36, hiyo ni ukipima sawasawa bila ya kuzidisha, na watu huzidisha. Imo ndani ya maji, na maji yameshika eugenoli kidogo. Utasema chumvi si bahari imejaa? Chumvi sawa. Eugenoli ndo shida, wafugaji wa samaki wanatia mafuta ya karafuu kwenye maji kuwalewesha samaki ili wawashike bila ya kuwaumiza, kipimo kikizidi samaki haamki. Sasa wewe mwaga hayo kwenye mkondo wa mikoko kila siku halafu ukamuulize mvuvi.

Dawa yake ipo. Unaweza kuiruka kostiki kabisa, ukayachuja mafuta kwa mnara wa kuchemshia uliotolewa hewa, kila kitu kinatoka kwa zamu yake kulingana na nyuzi za kuchemka, chumvi haipatikani hata kijiko. Mtambo wake ni ghali zaidi mwanzoni lakini ningekuwa mimi natoa kibali ningemuuliza mwekezaji hilo kwanza, na la pili ningemuuliza maji ya kuoshea yanakwenda wapi, asinijibu kwa picha za kompyuta. Makonyo yaliyokwisha kutoa mafuta hayo hayana tabu, yanakaushwa yanarudi kwenye moto wa boila.

SWALI: Mchaichai nao una faida gani zaidi ya chai? Nina robo eka umejiotea tu. Msomaji wa Konde.

JIBU: Una faida kubwa, bwana. Mafuta yake yanatolewa kwa stimu vilevile ila haya yanaelea juu ya maji, na asilimia 70 mpaka 80 ni kitu kinaitwa sitrali. Yuleyule Tiemann wa vanilini, pamoja na Krüger, mwaka 1893 aliichukua sitrali akaiunganisha na asetoni, akaipitisha kwenye asidi, akapata ayononi, harufu ya ua la vayoleti ambalo mafuta yake ya asili yalikuwa bei ya kufa mtu. Viwanda vya manukato havikurudi nyuma tena. Baadae ndugu yake mmoja, beta-ayononi, akawa mwanzo wa kutengenezea vitamini A. Robo eka lakini haitoshi kuwasha boila, ungana na jirani zako, na mkate majani mkayaache yanyauke kidogo kabla ya kuyachemsha, yanaingia mengi zaidi kwenye pipa kwa kuni zilezile.

SWALI: Mtoto wangu ana miaka mitatu, jino linamuuma, bibi yake anataka kumtilia mafuta ya karafuu. Je, yafaa? Mama wa Kengeja.

JIBU: Bibi hakukosea asili yake, daktari wa meno mwenyewe anachanganya eugenoli na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda, na inatuliza maumivu kweli. Lakini mafuta safi ya chupani si karafuu ya kutafuna, yanaunguza ufizi, na kwa mtoto mdogo yakimezwa ni hatari sana, wapo watoto waliomeza kijiko kimoja au viwili tu vya chai wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Kwa umri huo usimtilie kabisa, mpeleke kwa daktari wa meno. Chupa iweke juu asikoifikia, na ikitokea kameza usimtapishe, nenda nae hospitali palepale na chupa yenyewe uibebe, daktari aone ni mafuta gani na yamepungua kiasi gani.